Nilimnyima Mama Moshi Wake

Mimi ndiye niliyeziua kunde za mama yangu. Sikutumwa na mtu, sikudanganywa na mtu, na shetani naye nimwache apumzike. Nilizimaliza mwenyewe, kwa biro nyekundu, huku nikicheka.

Najua umesoma hapo ukajiuliza, kunde tu? Watu huandika hapa kuungama mambo mazito, ya kutoroka na bibi za watu na kukana watoto, na huyu analilia kunde? Subiri. Hata mimi nilisema hivyo hivyo, kunde tu. Nisikilize kwanza, halafu unihukumu unavyotaka.

Mimi ni kijana wa milima ya Mbooni. Niliishia darasa la saba, kwa hivyo mahali nitakapoandika vibaya univumilie. Baba alitutoka nikiwa mdogo, na siku ninazokueleza tulikuwa tumebaki wawili nyumbani, mimi na mama. Kwetu mama huitwa Mwaitu, na hata sasa nikiwa na ndevu namwita hivyo.

Nilikuwa nimepata kazi Kikima, katika duka la vifaa vya ujenzi. Kubeba simiti, kukata mabati, kupima misumari kwa kilo. Ni kazi ya kuchafuka, lakini niliipenda, kwa sababu kila mtu aliyeingia pale alikuwa anajenga kitu. Mimi ni mtu wa ndoto. Nikimuuzia mtu kitasa, nilikuwa naona mlango wake, nyuma ya mlango naona sebule, na kwenye sebule naona bibi yake amevaa vizuri akimimina chai. Mwenye duka alikuwa akinigutusha, "Wewe, rudisha roho, mteja anangoja chenji."

Mwaka mpya mmoja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, huyo mwenye duka alinipatia dayari. Alikuwa ameletewa kadhaa na watu wa kuuza rangi. Ilikuwa kubwa, jalada la kijani, kila siku na ukurasa wake. Mwenzangu wa kazi, yake alimpa mtoto wake achorechore. Mimi yangu niliibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

Wacha nikueleze nyumbani kulivyokuwa. Nyumba ya kulala ilikuwa ya matofali, na mabati yake yalikuwa yameshika kutu. Kando yake palikuwa na kijumba cha kupikia, cha miti na udongo, na paa la nyasi. Hakikuwa na dirisha. Moshi ulitokea mlangoni, ukisukumana na watu. Tangu utotoni nilikuwa nikimwona mama akitoka humo machozi yakimteremka, anajifuta kwa pembe ya leso, na mimi nalia pamoja naye nikidhani kuna mtu amempiga. Nilijiambia kwamba siku nitakapokuwa na nguvu, moshi huo nitaufukuza kwetu.

Basi dayari ikaanza kazi. Niliketi nikapanga mwaka mzima. Mabati mapya mwezi wa nne. Rangi nyeupe ndani ya nyumba, mwezi wa sita. Mwezi wa nane, kubomoa jiko la zamani na kujenga lingine la matofali, lenye dirisha na bomba la kutolea moshi. Mwezi wa kumi, sakafu ya simiti. Mwezi wa kumi na moja, ghala la nafaka, na hapo hapo nikaandika kununua dawa ya unga ya kuhifadhi mbegu. Mwezi wa kumi na mbili niliandika neno moja, "Krismasi," nikachora mama ameketi kwenye kiti chenye mikono hana kazi yoyote.

Ya lazima niliyaandika kwa biro nyekundu, ya kutamani kwa buluu. Nilichora madirisha na pazia zake. Nilibandika picha ya jikoni niliyokata kwenye gazeti kuukuu la kufungia misumari. Kazi ikiisha naipiga alama ya vema kubwa, inashika ukurasa mzima. Na wacha niseme ukweli, mambo yalikuwa yanaenda. Mabati yaliingia mwezi wake. Rangi iliingia mwezi wake. Vijana wengine walikuwa wakiongea tu, mimi nilikuwa natenda, na niliamini ni ile dayari.

Kila Jumapili tukitoka kanisani, mama alikuwa akiniambia, "Leta hicho kitabu, unisomee nyumba yangu."

Nasoma. Yeye hakuenda shule hata siku moja. Anasikiliza ameshika kidevu, kama mtu anayesikiliza mahubiri.

"Rudia hapo kwa dirisha," ananiambia.

Narudia.

"Na hicho kitabu chako kinajua mvua itakuja lini?"

"Mvua haiko, Mwaitu. Mvua ni ya Mungu."

"Basi Mungu hana dayari. Ndiyo maana huchelewa." Anacheka mpaka anakohoa.

Sasa nikupeleke ndani ya lile jiko la zamani, kwa sababu hapo ndipo penye kosa.

Juu ya mawe matatu ya moto kulikuwa na uchaga, yaani fito zilizopangwa na kufungwa chini ya paa. Zilikuwa nyeusi zinang'aa kwa masizi. Hapo mama aliweka mahindi ya mbegu yakiwa na maganda yake, na hapo palining'inia kibuyu kimoja kikubwa chenye kunde. Kunde zenyewe zilikuwa ndogo, nyeusi, na kijicho cheupe. Zilitoka kwa mama yake, na huyo alipewa na mama yake. Hata mvua ikinyesha kidogo halafu ikakata, zenyewe zilikuwa zinakimbia zinazaa kabla udongo haujakauka. Kila msimu kabla ya kupanda, akina mama wa upande wetu walikuja kumwomba mbegu. Anawapimia kwa kikombe, na wakivuna wanarudisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake. Wengine walikuwa wenyeviti wa kikundi na wengine walikuwa wanaimba kwaya, mama yangu alikuwa na kunde.

Na kuna jambo lingine kuhusu hizo kunde. Nilikuwa nalijua, hapo ndipo naumia. Nililijua kabisa.

Nilikuwa na dada mdogo, Mwende. Ile njaa ya mahindi ya manjano ya msaada, watu wa kwetu wanaikumbuka, mimi nilikuwa kijana ndiyo kwanza sauti inaanza kukatika, na Mwende alikuwa bado hajaenda shule. Tulikuwa tunapanga foleni kwa chifu kupata yale mahindi. Siku nyingine tunapata, siku nyingine tunarudi na gunia tupu tumelikunja kwapani ili watu wasituone. Mwende alikuwa akilala chali jikoni, anaangalia juu, anaonyesha kibuyu kwa kidole.

"Mwaitu, na zile?"

"Zile ni za mvua, mama," anamjibu. Alimwita mama kwa sababu mtoto alipewa jina la nyanya.

"Kidogo tu."

"Tukila za mvua, mvua ikija tutaipa nini?"

Halafu ukambi ukapita kijijini. Watoto waliokuwa na nyama mwilini waliugua wakapona. Mwende hakuwa na nyama mwilini.

Mvua ilikuja baadaye. Mama alishusha kibuyu, akaenda shambani, na ule mstari wa juu kabisa, kwenye tuta la kwanza, akaupanda akilia. Tangu hapo kila msimu alianza na mstari huo. Kunde zake hakuziuza wala hakuzipika. Ziliachwa zikauke, zikarudi kibuyuni kuwa mbegu. Tulikuwa tunauita mstari wa Mwende. Hatukuwa tunaongea sana juu yake. Ukiwa unapalilia hapo, unapalilia polepole, basi.

Unaona? Nilijua hayo yote. Nilichokuwa sijui ni kwamba moshi ulikuwa na kazi. Mimi niliona kibuyu kimewekwa pale juu kwa kukosa mahali pengine. Mvulana akishapashwa tohara kwetu hakai jikoni na wanawake, na mimi nilikuwa nimekaa kidogo sana. Kwangu moshi ulikuwa adui wa macho ya mama. Sikujua kwamba ndio uliokuwa unawazuia fukusi, wale wadudu wa kutoboa mbegu, wasiingie.

Jumapili moja kabla ya kubomoa, mama aliniuliza.

"Mbegu zangu zimeandikwa wapi?"

"Mwezi wa kumi na moja, Mwaitu. Ghala."

"Hapo si tutakuwa tumeshapanda?"

"Ghala ni la mavuno, na mavuno ni mwezi wa pili. Sisi tuko mbele."

"Na ungeanza na uchaga? Fito tu. Juu ya moto wowote, hata nje hapa. Halafu ubomoe."

"Tukianza kurukaruka hatutamaliza. Kila kitu kimepewa siku yake."

Aliweka kidole juu ya ukurasa, akakipitisha kwenye maandishi yangu mekundu taratibu, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. Kisha akasema, "Kama imeandikwa, sawa."

Hayo maneno yananirudia kila siku. Mama aliuza mbuzi wake ili mimi nijue kuandika. Na kwa sababu niliandika, aliacha kujiamini yeye akaniamini mimi.

Siku ya kubomoa ilikuwa kama sherehe. Fundi wangu aliitwa Kioko, mtu wa mdomo mwingi. Alikuwa ameniita Waziri wa Ujenzi tangu siku alipoona dayari.

"Waziri," ananiuliza akiwa juu ya paa, "serikali inasema tunywe uji saa ngapi?"

"Ukimaliza hiyo nyasi."

"Nitalalamika bungeni!"

Vijana wanacheka, nyasi zinaanguka, masizi yametujaa mpaka meno tu ndiyo meupe. Mama mwenyewe ndiye aliyeshusha kibuyu. Alisimama kando amekipakata huku ukuta unaanguka, na vumbi lilipomfikia alikifunika kwa leso. Mimi nilimwona, nikapunga mkono. Nilidhani anafurahi.

Jivu lote la pale ndani nililibeba nikalimwaga chooni. Ukurasa wa siku hiyo ulisema, "Kuondoa takataka." Mama alikuja akapata mahali pake peupe.

"Jivu umepeleka wapi?"

"Nimetupa, Mwaitu. Ya nini?"

"Ningechanganya na mbegu." Halafu akaongeza haraka, kunitoa wasiwasi, "Si neno."

Nilikuwa nimemnunulia jiko la makaa apikie mpaka lile jipya likamilike. Nililichagua mwenyewe Kikima, nikaambiwa hili halitoi moshi hata kidogo. Nilijivunia hilo. Jivu lake halikutosha hata kusugulia sufuria. Kibuyu kikawekwa chini ya kitanda chake.

Kuta zilipopanda, kukawa na siku za kungoja. Kioko alikuja asubuhi moja mikono mitupu.

"Waziri, simiti haijafika na mimi nina nafasi. Hii miti ya zamani bado ina nguvu. Tuinue ghala leo, jioni limesimama."

Nilifungua dayari. Hebu fikiria, nilifungua dayari ili nimjibu mtu aliyesimama mbele yangu na nyundo.

"Leo ni kuchonga fremu za dirisha."

"Fremu haziendi mahali. Ghala ni kazi ya siku moja."

"Ghala ni Novemba, Kioko."

"Sawa, mheshimiwa." Akanipigia saluti, akaenda kuchonga fremu. Mama alikuwa anachambua mboga mlangoni. Hakuinua kichwa.

Sasa nifike kwa lile ambalo sijamwambia mtu, hata mchungaji.

Jioni moja nilitoka kazini mapema. Nilipokaribia nyumba niliona moshi unatoka dirishani. Nilikimbia nikidhani inaungua. Nikamkuta mama amepiga magoti katikati ya chumba chake, amewasha vijiti vibichi ndani ya karai, na juu ya karai amekishika kibuyu kwa mikono miwili, anakizungusha taratibu ndani ya moshi. Machozi yalikuwa yanamteremka kama zamani. Na ukuta wangu, ule mweupe niliokuwa nimeupaka kwa mkono wangu, ulikuwa umeanza kupata weusi kule juu.

Nilipiga kelele. Mimi, mtoto wa huyo mama.

"Mwaitu, unafanya nini? Unaona rangi? Unaiona? Mimi nahangaika kukutoa kwenye moshi na wewe unauingiza kwa nyumba!"

"Ni kidogo tu, baba. Nilikuwa napitisha."

"Hapana! Huu ujinga tumeuacha. Ulisema sawa. Tulikubaliana Novemba."

Nilichukua karai nikalitoa nje, nikalimwagia maji. Liliguna na kutoa moshi mmoja mkubwa, kisha likanyamaza. Nikarudi na kitambaa nikafuta ukuta. Mama alikuwa bado amepiga magoti na kibuyu chake. Alikirudisha chini ya kitanda, akaja akachukua kitambaa mkononi mwangu, akaanza kunisaidia kufuta.

Neno "ujinga" nilimwambia mama yangu. Ule ukuta ulifutika, neno halijafutika.

Hakuwasha tena.

Jiko jipya lilikamilika mwezi wa kumi, sakafu na kila kitu. Lilikuwa zuri, sitakudanganya. Moshi ulikuwa unapanda kwenye bomba unaenda zake. Mawingu nayo yakaanza kujikusanya upande wa Kilungu, na watu wakaanza kulima mashamba yakiwa makavu, wangoje mvua. Jirani yetu, Mama Wayua, akaja kama kawaida yake na kikombe ndani ya kikapu. Ni mama mkubwa wa mwili na wa maneno.

Alisimama mlangoni. "Hodi kwa wazungu. Nivue viatu?"

"Ingia, wacha fujo," mama akamwambia akicheka.

"Naogopa nitateleza kwa simiti nivunjike, na mimi sijaolewa mara ya pili." Akaniona. "Na wewe, fundi wa mama yako, umemtafutia na bibi wa kupanguza hii sakafu, ama ni yeye tena?"

"Iko kwa dayari, mama," nikamjibu. Wakacheka wote wawili. Hicho kilikuwa kicheko cha mwisho jikoni mle kwa muda mrefu.

"Nimefuata kunde zangu," Mama Wayua akasema. "Mvua iko mlangoni."

Mama alienda chumbani. Nilisikia akikitikisa kibuyu, halafu kimya, halafu akakitikisa tena. Kunde zikiwa nzima kibuyuni hulia kama kokoto. Hizi zililia kama maganda.

Alirudi, akachukua ungo, akaketi sakafuni, akakiinamisha.

Kwanza lilitoka vumbi. Vumbi jeupe laini, likamwagika kwenye ungo na kwenye leso yake. Halafu fukusi, wengi, wakikimbia kila upande juu ya simiti yangu. Mwisho zikatoka kunde, na kila moja ilikuwa na tundu. Mama aliokota moja akaibonyeza kwa kidole. Ikapasuka, ndani hakuna kitu. Akaokota nyingine. Akaokota nyingine.

Mama Wayua ndiye aliyeongea. "Aiya. Zote?"

"Wewe una zile za mwaka jana?" mama akamuuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Tulikula, mwenzangu. Tulikula zote. Si nilijua kwako ziko."

"Na mama wa pale chini?"

"Huyo hupanda za pakiti siku hizi. Sisi wote tulikuwa tunajua kwako ziko."

Mama aliendelea kuokota. Mimi nilikuwa nimesimama pale na dayari kwapani, na sikujua niiweke wapi. Nilitaka anipige. Nilitaka aseme, nilikuambia. Angesema hivyo, leo ningekuwa na mahali pa kushika.

Hakuniangalia. Alipepeta ungo polepole mpaka vumbi lote likaenda, akaangalia yale maganda yaliyobaki, akasema kama mtu anayejisemea mwenyewe:

"Kumbe ningempikia Mwende."

Basi. Ndivyo alivyosema. Mama Wayua alijifunika uso kwa leso. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko jipya, pale bomba linapopita, nikaweka kichwa kwenye ukuta. Matofali yalikuwa na joto. Nililia mpaka nikatapika.

Mama alizipanda hivyo hivyo, zile zenye matundu. Alipanda mstari wa Mwende, akafukia vizuri. Mvua ya mwaka huo ilikuwa nzuri kuliko nyingi, mpaka makorongo yakafurika. Kila asubuhi nilikuwa napita pale kabla ya kwenda kazini, nainama kuangalia. Ilimea nyasi, na mmea mmoja wa boga uliojileta. Kunde hazikutoka.

Nilitafuta. Nilimwomba mwenye duka ruhusa nikazunguka masoko. Nilienda Kilungu. Nilipanda lori la mbuzi nikaenda mpaka Mwingi, nikapita kwa kila mama aliyetandika gunia. Nilipata nyekundu, nikapata nyeupe, nikapata nyeusi kubwa zisizo na kijicho. Mama mmoja muuzaji aliniona ninavyozigeuza moja moja, akaniambia, "Kijana, kunde ni kunde. Wewe unatafuta kunde ama unatafuta mchumba?" Nikataka kucheka, nikashindwa. Akanionea huruma akaniongezea kikombe.

Nilimletea mama zile zilizofanana kidogo. Alizimimina kiganjani, akazisogeza mlangoni kwenye mwanga, akaziangalia kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa mgeni.

"Asante, baba," akasema. "Hizi ni za kula."

Akazipika siku hiyo hiyo. Tulizila. Zilikuwa tamu.

Na ghala? Ghala lilijengwa. Kioko alikuja Novemba, siku ile ile niliyokuwa nimeandika, akalisimamisha kwa siku moja kama alivyokuwa amesema. Hakuniita Waziri siku hiyo. Sijui ni nani alimwambia. Mlango wa hilo ghala unafunga vizuri, miguu yake nimeifunga mabati panya wasipande. Katika kazi zote za mwaka ule, ndiyo iliyofuata tarehe kuliko zote. Hata alama ya vema sikuweka. Kuku ndio walioanza kulala humo.

Siku hizi mama anapikia nje. Jiko jipya anawekea wageni, na vyombo nilivyonunua kufuata ile picha ya gazeti viko humo vimepangwa. Yeye ameweka mawe matatu pale pale palipokuwa na kijumba cha zamani, na mimi nimemwekea paa dogo la nyasi na uchaga wa fito juu yake. Niliujenga bila kuandika popote. Umeshakuwa mweusi, unang'aa. Hakuna kilichoning'inia.

Hajanisema hata leo. Tukitoka kanisani namwambia, "Mwaitu, nikusomee nini?" naye anajibu, "Nisomee Biblia, inatosha." Dayari za mwenye duka zikija mwaka mpya, mimi huomba nipewe kalenda ya ukutani.

Wala sikuambii usipange. Mimi bado napenda kupanga, ndivyo nilivyoumbwa, na bado nikiuza kitasa naona mlango. Lakini wewe kijana unayetaka kumtengenezea mzazi wako nyumba, ukishaandika siku ya kubomoa, weka biro chini, uingie ndani ya hicho unachotaka kubomoa, uketi na mwenyewe. Angalieni juu pamoja. Umuulize kile kimewekwa pale kwa nini, na akikujibu, usimwonyeshe ukurasa. Na akikuambia "sawa", mwangalie uso, kwa sababu kuna sawa ya kukubali na kuna sawa ya mzazi anayekuheshimu kuliko unavyostahili.

Mimi sikuuliza. Na kila msimu, mvua ikikaribia, mama analima matuta yote, anapanda mbegu za pakiti ninazomnunulia, anashukuru. Lakini ule mstari wa juu kabisa anaulima, anavunja madongoa kwa mkono, anaunyoosha vizuri kama zamani, halafu anauruka. Palizi ikifika tunaupalilia sisi wawili, polepole. Hauna kitu.